Kinga Anayoigharamia Mtoto: Mhadhara Kuhusu Vimelea vya Tumboni Katika Miaka ya Mwanzo ya Maisha



Nitaanzia Pemba. Katika miaka ya 1990 karibu kila mtoto wa shule kisiwani humo alikuwa na minyoo ya aina moja au zaidi. Wakati huo watafiti walioshirikiana na Wizara ya Afya ya Zanzibar waliwafuata watoto ambao hawajafikia umri wa shule, wa kuanzia miezi 6 hadi miezi 71. Kwa mwaka mzima baadhi yao walipewa mebendazole, dawa ya minyoo, kila baada ya miezi mitatu, na wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa, pasipo familia wala watafiti kujua nani amepata kipi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Waliopata nafuu ya wazi ya uzito walikuwa wadogo kabisa, wa chini ya miezi 30. Upungufu wa damu wa wastani nao ulipungua kwa walio chini ya miezi 24. Hawa ndio waliokuwa na minyoo michache kuliko wenzao, na maambukizi yao yalikuwa bado mapya.

Swali linakuja lenyewe. Minyoo michache inawezaje kumdhoofisha mtoto mdogo kuliko mingi inavyomdhoofisha kaka yake? Watafiti wale walitoa jibu ambalo limenikaa moyoni tangu nilipolisoma: huenda madhara mengi hayakutoka kwa mnyoo wenyewe, yalitoka kwenye mwili wa mtoto uliokuwa ukipambana na mnyoo kwa mara ya kwanza.

Hoja yangu ya leo inatoka hapo. Mtoto mdogo ana kinga ya asili dhidi ya vimelea vya tumboni. Ni kinga ya kweli, inaonekana na inapimika. Lakini hujengwa kwa chakula chake, kwa damu yake na kwa ukuaji wake. Anayesema "mwache, atazoea" ana haki ya kuelezwa kuzoea huko kunalipwa na nani.

Vimelea wenyewe

Tuna makundi mawili. La kwanza ni viumbe vya seli moja visivyoonekana kwa macho: jiadia, kriptosporidia na amiba. Vikishaingia tumboni huongezeka humo humo, kwa hiyo vichache vilivyomezwa na maji leo vyaweza kuwa mamilioni baada ya siku chache. La pili ni minyoo, na hasa mitatu inayopita kwenye udongo: minyoo ya duara, minyoo mjeledi na minyoo ya safura. Hii haiongezeki ndani ya mtu. Mnyoo jike mmoja wa duara unaweza kutaga mayai 200,000 kwa siku, lakini mayai hayo lazima yatoke na choo na yakae kwenye udongo kwa majuma kadhaa ndipo yaweze kuambukiza. Maana yake ni kwamba kila mnyoo mkubwa ulio tumboni mwa mtoto uliingia kutoka nje, mmoja mmoja, kwa kidole, kwa tunda, kwa maji, au kwa ngozi ya mguu usio na kiatu kama ni safura.

Maabara hatuhesabu minyoo, tunahesabu mayai. Fundi hukichuja choo kwenye wavu laini, hujaza tundu la kibao kidogo linalobeba miligramu 41.7, hulifunika donge hilo kwa selofani iliyolowekwa kwenye gliserini, kisha huinamia darubini na kuhesabu yai moja baada ya jingine. Jumla yake huizidisha kwa 24 ili apate idadi ya mayai katika gramu moja. Ya safura lazima ayawahi: akichelewa kupita saa moja, gliserini huyafanya maangavu mno hata yasionekane.

Ukizipanga hesabu hizo za kijiji kizima utaona jambo linalojirudia duniani kote. Watu wengi wana minyoo michache au hawana kabisa, na wachache wamejaa. Kwa makadirio ya kawaida, asilimia 20 ya watu hubeba karibu asilimia 80 ya minyoo yote. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na nyumba na udongo. Sehemu nyingine imo katika damu: utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu watu wa jamii ya Jirel huko Nepal ulionyesha kwamba wingi wa minyoo ya duara hufuata nasaba, hata baada ya kuzingatia mazingira. Basi kinga ipo, na haikugawanywa sawasawa.

Kinga inayotoka kwa mama

Kinga ya kwanza ya utumbo si ya mtoto. Ni ya mama yake.

Mwaka 1983 Frances Gillin na wenzake huko Marekani walichapisha katika jarida la Science jambo lililowashangaza wengi. Walichukua maziwa ya akina mama wenye afya ya kawaida, wakayachanganya na jiadia kwenye vijaribio, na jiadia wakafa. Amiba nao walikufa. Mwanzoni mtu angedhani ni kazi ya kingamwili, lakini hata maziwa yasiyo na kingamwili za jiadia yaliua vilevile. Kilichofanya kazi kilikuwa mafuta.

Tukitazame kwa karibu kitendo hicho. Maziwa ya mama yana kimeng'enya ambacho hakiamki mpaka kikutane na nyongo. Matitini kimelala, na tumboni kwa mtoto bado kimelala. Maziwa yakifika mwanzo wa utumbo mwembamba, pale nyongo inapomiminikia, kimeng'enya kinaamka na kuanza kuyakata mafuta ya maziwa vipande vipande. Vipande hivyo ni asidi za mafuta, na kwa mtoto ni chakula. Kwa jiadia ni sumu, kwa sababu hupasua utando wa seli yake. Na mwanzo wa utumbo mwembamba ndipo hasa jiadia anapopenda kujishikiza. Maziwa ya ng'ombe hayana kimeng'enya hicho.

Juu ya hapo kuna kingamwili za maziwa, zile za aina ya IgA. Seli zinazozitengeneza hujifunza ndani ya utumbo wa mama, kisha husafiri kwenye damu hadi kwenye matiti yake. Kwa hiyo mama humpa mwanawe kingamwili dhidi ya vimelea vile vile vilivyompitia yeye, yaani vya kisima chake, vya soko lake, vya ua wake. Mama wa Kigoma anatoa za Kigoma. Huko Mexico, watoto walionyonya maziwa yenye kingamwili nyingi za jiadia waliharisha kidogo zaidi pale jiadia alipowaingia. Huko Bangladesh, kingamwili za kriptosporidia katika maziwa ya mama zilimchelewesha mdudu huyo kumfikia mtoto. Mkusanyiko mkubwa kuliko wote wa kingamwili hizi uko katika dang'a, yale maziwa mazito ya siku za mwanzo. Bado zipo nyumba ambamo dang'a hukamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa ni machafu. Nawaomba wakunga na bibi zetu walioko hapa wasichoke kulisemea jambo hili.

Ushahidi wa nyumbani tunao. Kati ya mwaka 2009 na 2014, watoto wa nchi nane walifuatiliwa tangu kuzaliwa hadi miezi 24, na kituo kimojawapo kilikuwa Haydom, mkoani Manyara. Kila mwezi choo cha mtoto kilipimwa, awe anaumwa au haumwi. Takribani watoto wawili kati ya kila watatu walikuwa wamepata jiadia angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka miwili. Walionyonya maziwa ya mama pekee walichelewa kumpata. Na wale ambao jiadia aliwaganda mapema, kabla ya miezi sita, walikuwa wafupi na wepesi zaidi walipotimiza miaka miwili, hata kama hawakuharisha. Mtoto hakulia, hakuendesha, hakuna aliyemkimbiza zahanati. Mstari wa ukuaji kwenye kadi yake ulipinda kimyakimya.

Mwili unapojifunza

Baada ya miezi sita mtoto huanza uji, hutambaa, hushika kila kitu na kukipeleka mdomoni. Sehemu ya kinga ya mama inapungua wakati hatari inapoongezeka. Ndipo mwili wake unapolazimika kujifunza wenyewe.

Mtaa wa Mirpur, Dhaka, umetufundisha mengi kuhusu somo hilo. Huko Rashidul Haque na William Petri, pamoja na wenzao, walifuatilia watoto kwa miaka mingi. Amiba hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo kwa protini inayong'ang'ania sukari za ute. Watoto ambao matumboni mwao kulikuwa na IgA dhidi ya protini hiyo walipata maambukizi mapya machache zaidi. Kingamwili imekalia pale pale ambapo amiba angeshikia, naye akapitishwa na choo. Hii ndiyo kinga ya asili kwa maana kamili. Hata hivyo haikudumu milele, na baadhi ya watoto waliambukizwa tena.

Jiadia ana hila nyingine. Anazo jeni takriban 200 za kutengeneza protini za kufunika mwili wake, na kwa wakati mmoja hutumia moja tu. Mwili ukishaitambua hiyo, baadhi yao huwa wameshabadilisha. Ndiyo maana mtoto anaweza kuambukizwa mara nyingi. Kinachobadilika ni ugonjwa. Katika utafiti mkubwa wa kuharisha uliofanyika Afrika na Asia, ikiwemo magharibi ya Kenya, na kuchapishwa mwaka 2013, jiadia hakuonekana zaidi kwa watoto waliokuwa wakiharisha sana kuliko kwa majirani zao wazima. Kriptosporidia alikuwa kinyume chake: alikuwa miongoni mwa visababishi vinne vikuu vya kuharisha vibaya kwa watoto wadogo, na aliambatana na vifo katika mwaka wa pili wa maisha. Lakini hata huyu, mashambulizi ya kwanza ndiyo makali. Katika nyumba moja, mtoto wa miezi kumi hulegea kwa kuharisha huku watu wazima wanaokunywa maji yale yale wakiendelea na kazi zao.

Kwa minyoo, utumbo una njia tofauti kabisa. Mwaka 2016 maabara tatu, kwa kutumia panya, ziligundua kazi ya seli chache zilizotawanyika kwenye ukuta wa utumbo, zenye kishungi cha vinywele juu yake. Seli hizi huhisi kuwapo kwa mnyoo na kutoa ishara. Ishara ikifika, seli za kutengeneza ute huongezeka, ute unakuwa mzito, maji yanamiminika ndani, na misuli ya utumbo inakaza kusukuma. Mnyoo hauuawi, unafagiwa. Pembeni yake zipo kingamwili za aina ya IgE na seli nyeupe zinazoshambulia viluwiluwi vinapopita kwenye tishu. Kwa binadamu, kinga ya namna hii huja polepole mno. Wingi wa minyoo ya duara na mjeledi huendelea kupanda hadi umri wa shule ya msingi kabla ya kushuka, na safura huweza kupanda hadi utu uzima.

Tunaujua mwendo wa polepole wa somo hili pia kupitia kichocho cha matumbo. Kwenye fukwe za Kisumu, wanaume wanaosimama ziwani wakiosha magari walifuatiliwa kwa miaka na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya na washirika wake. Kila walipoambukizwa walitibiwa kwa praziquantel. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba baadhi yao, baada ya kutibiwa mara kadhaa, walichukua muda mrefu zaidi kuambukizwa tena, ingawa waliendelea kusimama kwenye maji yale yale. Mnyoo ulio hai hujificha vizuri. Unapokufa hufumuka, na mwili unaona kwa mara ya kwanza kile ulichofichwa. Baadhi ya wenzao, wenye kazi ile ile na dawa ile ile, hawakupata usugu huo.

Kama mtu mzima mwenye afya anahitaji miaka na dawa za mara kwa mara ili apate kinga nusu, tunamdai nini mtoto wa miezi kumi na minne?

Gharama

Sasa tufike kwenye kiini. Kinga hutengenezwa kwa vitu. Ute ni protini. Kingamwili ni protini. Seli mpya za ukuta wa utumbo, ambazo hata kwa mtu mzima hubadilishwa kila baada ya siku chache, zinahitaji zinki na vitamini A. Mtoto wa mwaka mmoja anahitaji vitu hivyo hivyo kwa mifupa, misuli na ubongo. Hana akiba kubwa. Kinachopelekwa kwenye ulinzi kinapungua kwenye ukuaji.

Kuna pia madhara ya mapambano yenyewe. Utumbo unaposhambuliwa hufura, na ishara za kufura huko husambaa mwili mzima. Hamu ya kula hupotea. Ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, inayozuia madini ya chuma yasiingie kwenye damu kutoka kwenye chakula wala kutoka ghalani mwa mwili. Ishara za kurefuka kwa mifupa hudhoofishwa. Hapo ndipo tunaelewa Pemba. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye minyoo mitatu alikuwa katika vita yake ya kwanza, na vita ya kwanza huwa kali kupita kiasi. Ndugu yake wa miaka saba alikuwa na minyoo mingi, lakini mwili wake ulikuwa umeshapunguza makali.

Huko Gambia, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 1991 waliwanywesha watoto wachanga sukari maalumu na kupima kiasi kilichopenya ukuta wa utumbo kikatokea kwenye mkojo. Utumbo uliovuja ulieleza zaidi ya asilimia 40 ya kudumaa kwa watoto hao. Bakteria walihusika, si vimelea peke yao. Lakini funzo ni lile lile: utumbo ulio vitani muda wote hunyonya chakula vibaya, hata kama bakuli la uji lilijaa.

Njaa nayo huidhoofisha kinga. Kule Mirpur, watafiti waligundua kwamba watoto waliozaliwa na aina fulani ya kipokezi cha homoni ya leptini walikuwa na uwezekano wa karibu mara nne zaidi wa kupata amiba. Leptini hutolewa na mafuta ya mwili, na hueleza mwili kama kuna akiba ya chakula. Mtoto aliyekonda ana leptini kidogo, na utumbo wake hupata ujumbe hafifu wa kujilinda. Kwa hiyo aliyekosa chakula anakosa kinga, anayekosa kinga huambukizwa muda mrefu, na anayeambukizwa muda mrefu hula bila kunenepa.

Wala tusidhani kwamba lishe na vimelea ni hesabu nyepesi ya kujumlisha. Wilayani Handeni, watoto 612 wa miezi 6 hadi 60 walishirikishwa katika jaribio la virutubisho. Taarifa ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba kwa wale ambao hawakupewa mchanganyiko wa vitamini na madini, waliokuwa na jiadia tangu mwanzo waliharisha mara chache zaidi kuliko wasiokuwa naye. Kwa waliopewa mchanganyiko huo, unafuu huo haukuonekana. Mtu asiichukue taarifa hii kama sababu ya kumnyima mtoto vitamini. Inatuambia kwamba mdudu, chakula na kinga hukaa pamoja kwa mapatano, na ukigusa kimoja vingine vinasogea. Kwa hiyo kila mpango wa kuwasaidia watoto hauna budi kupima ukuaji wao, na si kuharisha tu.

"Mbona sisi tulikula udongo?"

Nasikia hoja hii kwa wazee ninaowaheshimu sana, nami nataka kuijibu kwa heshima hiyo. Ni kweli kwamba wengi tulitambaa kwenye udongo na tuko hai. Lakini wanaosimulia ni waliobaki. Na hata sisi tuliobaki hatuna wa kutuambia tungekuwa warefu kiasi gani, au tungeshika masomo upesi kiasi gani, kama miili yetu isingetumia miaka miwili ya kwanza kupigana.

Hoja hiyo ina chembe ya ukweli ambayo sayansi imeithibitisha. Huko Entebbe, Uganda, wajawazito 2,507 waliingizwa katika utafiti kuanzia mwaka 2003. Baadhi walipewa dawa ya minyoo ya albendazole, wengine hawakupewa. Watoto wa akina mama waliopewa walipata ukurutu wa utotoni zaidi kuliko wenzao. Inaonekana minyoo, ili iishi ndani yetu, hutuliza kinga ya mwili, na utulivu huo huathiri hata mtoto aliye tumboni. Kinga yetu ilikua pamoja na viumbe hawa kwa maelfu ya miaka.

Lakini ukurutu hutibika kwa urahisi kuliko kudumaa. Na mama mwenye safura na upungufu wa damu anahatarisha maisha yake kila anapojifungua. Tofauti hiyo ya uzito wa madhara haitoi nafasi ya kuupamba uchafu.

Tunachodaiwa

Hakuna hata chanjo moja iliyoidhinishwa kwa binadamu dhidi ya kimelea chochote cha tumboni. Tulicho nacho ni kinga ya mtoto mwenyewe na uwezo wetu wa kumpunguzia gharama yake. Nitataja mambo yaliyo mikononi mwetu.

La kwanza ni maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Wataalamu tumelisema hili hadi limekuwa kama wimbo. Lakini sheria ya kazi ya Tanzania imempa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, pungufu ya nusu ya miezi hiyo sita, na akirudi kazini ana hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, ambazo waajiri wengi hawazikumbuki. Mama muuza mboga na mama mkulima hawana hata hizo. Tukimwambia mama anyonyeshe bila kumpa muda, tumempa lawama badala ya msaada.

La pili ni chakula wakati wa ugonjwa na baada yake. Mtoto akiharisha anyonye zaidi, apewe maji ya chumvichumvi ya paketi na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na akipata nafuu aongezewe mlo mmoja kwa siku, kwa wiki mbili. Kumpa dawa ya metronidazole kila anapoharisha hakusaidii, kwa sababu kuharisha kwingi kwa watoto hakutokani na amiba wala jiadia.

La tatu ni dawa za minyoo kwa wakati. Shirika la Afya Duniani linashauri kuanza miezi 12 pale minyoo ilipoenea: miligramu 200 za albendazole kwa mtoto wa mwaka mmoja, na 400 akishatimiza miwili. Kwetu dawa hizi hutolewa pamoja na matone ya vitamini A, Juni na Desemba. Kidonge kisagwe kichanganywe na maji, na mtoto asikabwe akilazimishwa kumeza.

Dawa peke yake haitoshi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mwaka mmoja baada ya tiba, maambukizi ya minyoo ya duara yalikuwa yamerudi kufikia asilimia 94 ya kiwango cha awali, mjeledi asilimia 82, na safura asilimia 57. Udongo ule ule unamsubiri mtoto.

Kwa hiyo la nne, na kubwa kuliko yote, ni mahali anapotambaa. Katika jimbo la Coahuila, Mexico, serikali ilizimwagia saruji nyumba zilizokuwa na sakafu ya udongo. Watafiti walikadiria kwamba kuondoa kabisa sakafu ya udongo kulipunguza vimelea kwa watoto kwa asilimia 78. Magharibi ya Kenya, mpango wa maji yenye klorini, vyoo na kunawa mikono ulipunguza minyoo ya duara kwa takribani moja ya tano, lakini jiadia hakupungua, na bila nyongeza ya lishe watoto hawakurefuka. Klorini ya kawaida haimwezi kriptosporidia hata kidogo. Maji ya mtoto yachemshwe. Funzo la Kenya ni kwamba hatua ndogo ndogo hazimfikii mtoto. Anahitaji maji ya bomba yaliyo safi kweli, choo cha kila nyumba, sakafu ngumu na chakula, vyote kwa pamoja.

Hilo halimo katika uwezo wa mama mmoja. Ni kazi ya halmashauri, ya bajeti, ya mbunge na diwani. Wanapokuja kuomba kura, waulizwe ni nyumba ngapi katika kata yao zina sakafu ya udongo na watoto wa chini ya miaka miwili, na wana mpango gani nazo. Waulizwe ni watoto wangapi waliodumaa. Takwimu za kudumaa zinatangazwa kama za lishe peke yake. Nazisoma pia kama hesabu ya gharama ambayo watoto wamelipia kinga yao, kwa sababu sisi wakubwa hatukuilipa.

Mwili wa mtoto unajua kujilinda, na katika hali ngumu kabisa unafanya kazi ya ajabu. Tuuheshimu kwa kuupunguzia maadui, tuulishe wakati unapopigana, na tuache kuuita uvumilivu wake ushahidi kwamba hana shida.